Robert Moses: mjenzi wa barabara ambaye hakujua kuendesha gari

Robert Moses hakujifunza kuendesha gari maisha yake yote. Alikaa kiti cha nyuma, karatasi zikiwa magotini, huku shofere akimzungusha katika mji wa New York. Gari lilikuwa ofisi yake: humo alisoma ripoti, alisaini barua, na viongozi waliotaka kuzungumza naye waliitwa kupanda ili wasikilizwe njiani. Msongamano wa magari ambao mamilioni ya wakaaji waliupata kila asubuhi, yeye aliutumia kumaliza kazi.

Mtu huyo ndiye aliyeamua, kuliko meya au gavana yeyote, namna New York ingetembea katika karne ya 20. Barabara zake za kwenda kwenye bustani na fukwe zilifikia kilomita 669. Alijenga madaraja 13 na viwanja vya michezo ya watoto 658. Kuna wakati alishika vyeo 12 pamoja, na hakuna hata kimoja alichopewa na wapiga kura. Amekwisha kufa tangu mwaka wa 1981. Leo miji kadhaa ya Marekani inalipa pesa nyingi kuvunja barabara za aina aliyoijenga, na moja kati ya zilizovunjwa ilibeba jina lake.

Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1888 huko New Haven, katika jimbo la Connecticut, ndani ya familia ya Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa. Mwaka wa 1897 familia ilihamia Manhattan. Kijana alisoma Yale, kisha Oxford huko Uingereza, na mwaka wa 1914 akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Columbia.

Alipoanza kazi alikuwa mtu wa kutaka kusafisha serikali. Aliandaa mpango wa kuwapima wafanyakazi wa mji kwa ujuzi wao, ili kazi zisigawiwe tena kwa urafiki wa chama. Wanasiasa waliuzika mpango huo, na mwaka wa 1918 Moses akajikuta hana kazi, akiwa na mke na watoto wadogo. Aliyemwokoa ni Belle Moskowitz, mshauri wa Gavana Al Smith. Kwa Smith, mtoto wa mtaa wa maskini aliyeacha shule mapema, Moses alijifunza jambo ambalo Oxford haikumfundisha: sheria ina nguvu kwa yule anayeiandika. Tangu hapo aliandika sheria zake mwenyewe, maneno mengine akiyaficha katikati ya ibara ndefu, na wabunge wakapiga kura bila kujua wamempa nini.

Mwaka wa 1924 Smith alimweka mkuu wa tume ya bustani za Long Island, kisiwa kirefu upande wa mashariki wa mji. Fukwe nzuri na misitu ya kisiwa hicho vilikuwa mikononi mwa matajiri. Moses aliwanyang'anya sehemu, akajenga barabara za kufika huko, na tarehe 4 Agosti 1929 akafungua ufuko wa Jones Beach. Magazeti yalimsifu, na yalikuwa na haki ya kumsifu. Wafanyakazi waliokuwa wakikauka na joto la Julai katika vyumba vidogo sasa walikuwa na bahari.

Ila ilibidi uwe na gari. Barabara hizo zilikuwa za magari madogo tu. Mabasi na kamio yalikatazwa, na madaraja yaliyopita juu yake yalijengwa chini sana. Mmoja wa wasaidizi wake alisema baadaye kwamba Moses alitaka madaraja yawe hivyo makusudi, ili hata sheria ikibadilika siku moja mabasi yasipite. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu ushahidi huo. Lakini katazo la mabasi lenyewe halina ubishi. Maskini, wakiwemo weusi wengi, walikuwa watu wa basi na treni.

Mwaka wa 1934 alijaribu uchaguzi kwa mara moja tu, akigombea ugavana wa New York. Alishindwa vibaya na hakurudia tena. Mwaka huohuo Meya Fiorello La Guardia alimpa bustani zote za mji. Ilikuwa wakati wa umaskini mkubwa wa dunia, serikali kuu ikitafuta mahali pa kuwapa watu kazi, na Moses ndiye aliyekuwa na michoro tayari mezani. Katika kiangazi cha 1936 pekee alifungua mabwawa makubwa 11 ya kuogelea. Ni viongozi wachache wa Marekani waliofanya kazi kwa kasi hiyo.

Nguvu yake ya kweli ilitoka mahali pengine, yaani peaje.

Tarehe 11 Julai 1936 lilifunguliwa daraja la Triborough, linalounganisha Manhattan, Bronx na Queens. Kila gari lililopita lililipa senti 25. Daraja lilikuwa chini ya mamlaka yake lenyewe, na Moses akawa mwenyekiti wa mamlaka hiyo. Kwa kawaida, mamlaka ya namna hiyo hukopa pesa, hujenga, hukusanya peaje hadi deni liishe, kisha hufungwa na daraja hurudi kwa serikali. Mwaka wa 1937 Moses aliandika upya sheria: mamlaka ingeweza kutoa hati mpya za deni kabla ya zile za zamani kumalizika, na hivyo isingefungwa kamwe. Zaidi ya hapo, masharti yake yaliingizwa ndani ya mkataba na watu walionunua hati hizo. Katiba ya Marekani inalinda mikataba. Basi meya au gavana ambaye angetaka kugusa pesa za Triborough angekuwa anavunja mkataba na mabenki.

Kila anayesimamishwa kwenye peaje hujiuliza pesa hiyo inaenda wapi. New York, kwa zaidi ya miaka 30, jibu lilikuwa rahisi: peaje ya daraja ilijenga daraja lingine. Lilikuja daraja la Bronx-Whitestone mwaka wa 1939, handaki la Brooklyn-Battery mwaka wa 1950, Throgs Neck mwaka wa 1961, na Verrazzano-Narrows mwaka wa 1964. Kila mara wahandisi walitumaini daraja jipya lingepunguza msongamano kwenye madaraja ya zamani. Lilijaa, na ya zamani yakajaa pia. Njia mpya iliwavuta watu ambao zamani walipanda treni, au hawakusafiri kabisa, au sasa walinunua nyumba mbali zaidi kwa sababu njia ipo.

Wakati huo metro ya mji ilikuwa inazeeka. Mabehewa yaliharibika, vituo vilivuja, na njia mpya ya chini ya Second Avenue, iliyozungumziwa tangu mwaka wa 1929, ilibaki kwenye karatasi. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 1 Januari 2017. Wapangaji wa mji walimwomba Moses angalau aache nafasi ya reli katikati ya barabara zake, kwa kuwa ardhi ilikuwa ikinunuliwa na nyumba zikivunjwa tayari. Alikataa kwenye barabara ya Van Wyck iendayo uwanja wa ndege. Alikataa kwenye barabara kuu ya Long Island. Daraja la Verrazzano, ambalo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya kuning'inia duniani siku lilipofunguliwa, halina hata reli moja. Treni ya kwenda uwanja wa ndege ilikuja kujengwa baadaye kwa gharama kubwa, ikipita juu ya nguzo katikati ya ile ile Van Wyck. Ilianza kazi mwezi wa Desemba 2003.

Mwaka wa 1948 ilianza kazi ya Cross Bronx, barabara kuu ya kukata mtaa wa Bronx kutoka upande mmoja hadi mwingine, karibu kilomita 11 katikati ya nyumba za ghorofa zilizojaa watu. Hakuna mhandisi aliyekuwa amefanya kitu kama hicho ndani ya mji uliokwisha kujengwa. Ilibidi kupasua miamba, kupita chini ya barabara na juu ya reli, huku treni zikiendelea kutembea.

Mwezi wa Desemba 1952 barua zilifika kwa wakaaji wa East Tremont, sehemu ya mtaa huo. Wengi wao walikuwa Wayahudi wafanyakazi, mafundi wa nguo na wachuuzi wadogo. Baadhi yao walikimbia mateso ya Ulaya. Nyumba zao hazikuwa za kifahari, lakini kodi ilikuwa ya chini, shule zilikuwa karibu, bustani ya Crotona ilikuwa mbele, na metro iliwapeleka kazini. Barua ya Moses iliwapa siku 90 za kuhama. Kwa kilomita moja na nusu tu ya barabara, familia 1,530 zilipaswa kutoka.

Kina mama wa mtaa walijiunga pamoja. Hawakuwa na pesa, lakini walitafuta wahandisi waliokubali kuwasaidia, na wahandisi wakaonyesha kwenye ramani kwamba ukisogeza barabara kidogo upande wa kusini, kwenye ukingo wa bustani, familia zitakazohamishwa ni 19 tu. Njia hiyo ilikuwa imenyooka zaidi, na kwa kuwa ardhi ya bustani ilikuwa mali ya mji, ingepunguza gharama pia. Walipeleka ramani kwa wakubwa, walipanda treni kwenda kwenye vikao, walirudi mara ya pili na ya tatu. Robert Wagner, aliyekuwa akitafuta kuwa meya mwaka wa 1953, aliwaahidi kuwa upande wao. Alipokuwa meya, alikubali njia ya Moses.

Kwa nini Moses hakusogeza barabara, hakuna aliyepata sababu inayoridhisha. Huenda ilikuwa tu kwamba alikwisha kuchora mstari. Kazi ilipoanza, nyumba zilivunjwa huku wapangaji wa mwisho bado wamo kwenye jengo la pembeni, bila moto wa baridi na vumbi likiingia hadi ndani ya sufuria. Waliobaki kando ya barabara nao waliondoka mmoja mmoja baada ya miaka michache, kwa sababu ya kelele na moshi. Waliokuja baada yao, weusi na watu wa Puerto Rico, walipokea mtaa uliokatwa vipande viwili, na watoto wao wakawa kati ya wanaougua pumu zaidi nchini.

Mwandishi Robert Caro alikadiria kwamba barabara za Moses ziliwatoa watu 250,000 nyumbani mwao. Hapo hazihesabiwi nyumba zilizobomolewa kwa jina la kuondoa mitaa michafu, kazi ambayo pia ilikuwa mikononi mwake tangu 1948 hadi 1960.

Miji mingine ilimwangalia kwa wivu. Mwaka wa 1943 Portland, mji wa jimbo la Oregon karibu na bahari ya Pasifiki, ulimwita na kumlipa achore mpango wa barabara zake. Mwaka wa 1956 sheria ya serikali kuu ya Marekani ilikuja na pesa nyingi kuliko zote: kwa kila dola 10 za barabara kuu za kitaifa, Washington ingelipa 9. Kwa gavana au meya, barabara ikawa karibu zawadi. Metro hakuna aliyeipa zawadi kama hiyo.

Ukuta mmoja ambao Moses hakuuvunja ulikuwa bustani ndogo. Alitaka kupitisha barabara katikati ya Washington Square, Manhattan ya kusini. Wanawake wa mtaa, wakiongozwa na Shirley Hayes, walikataa, na hawakuomba barabara nyembamba zaidi kama wanasiasa walivyowashauri. Waliomba magari yaondolewe kabisa. Kati yao alikuwa Jane Jacobs, mhariri wa gazeti la ujenzi, aliyekaa karibu hapo na mume na watoto. Mwaka wa 1958 bustani ilifungwa kwa magari kama majaribio. Wataalamu walikuwa wametabiri kwamba mitaa ya jirani ingezibwa. Haikuzibwa. Magari yaliyotazamiwa kujaa pembeni yalipungua tu, na mwaka wa 1959 kufungwa kukawa kwa kudumu.

Pambano kubwa lilifuata. Moses alitaka barabara ya juu yenye njia 10 ikate Manhattan ya kusini kutoka mto mmoja hadi mwingine, ikipita kwenye Broome Street. Familia karibu 2,000 na biashara kama 800 zingeondoka. Jacobs na majirani, pamoja na padri wa parokia ya pale, walipiga kelele hadi halmashauri ya mji ikaukataa mpango mwezi wa Desemba 1962. Ukafufuka. Mwezi wa Aprili 1968 Jacobs alikamatwa na polisi ndani ya kikao cha kusikiliza wananchi. Mwaka wa 1969 barabara hiyo ilifutwa kwenye ramani ya mji. Majengo ambayo yangebomolewa ni mtaa wa SoHo, ambao leo ni kati ya sehemu ghali za New York. Jacobs alikuwa amekwisha kuhamia Toronto, Kanada, na huko pia alikuta barabara kuu ikichorwa juu ya mtaa wake. Ilisimamishwa mwaka wa 1971.

Moses mwenyewe hakuangushwa na wananchi. Aliangushwa na mtu wa aina yake. Meya John Lindsay alijaribu mwaka wa 1966 kuchukua pesa za Triborough azitie kwenye metro, na Moses akamshinda mbele ya wabunge bila jasho. Gavana Nelson Rockefeller alikuwa kitu kingine. Benki iliyowawakilisha wenye hati za deni za Triborough, na ambayo peke yake ingeweza kumzuia mahakamani, ilikuwa Chase Manhattan, na mkubwa wa Chase Manhattan alikuwa David Rockefeller, ndugu yake gavana. Ndugu walielewana. Tarehe 1 Machi 1968 Triborough ilimezwa na mamlaka mpya ya usafiri ya jimbo, MTA, inayosimamia metro, treni za mbali na mabasi. Moses, mwenye miaka 79, aliunga mkono mpango huo akiamini atapewa kiti kikubwa ndani yake. Alipewa cheo cha mshauri, na hakuna aliyemwomba ushauri.

Tangu siku hiyo faida ya peaje ya madaraja yake ilianza kuingia kwenye treni.

Aliishi miaka 13 zaidi. Mwaka wa 1974 kilitoka kitabu cha Caro juu ya maisha yake, kurasa zaidi ya 1,200, na jina zuri alilolijenga kwa miaka 50 likageuka. Alijibu kwa hasira katika kurasa 23 za mashine ya kuandika. Alikufa tarehe 29 Julai 1981, akiwa na miaka 92, na alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, Bronx, mtaa alioukata katikati.

Mwezi wa Desemba 1973, yeye akiwa bado hai, kipande cha barabara ya juu ya magharibi ya Manhattan kilianguka chini ya kamio iliyobeba lami ya kuitengeneza. Hiyo haikuanzishwa na yeye, lakini mji uliifunga na kuibomoa. Mpango wa kuweka barabara kuu mpya mahali pake uliachwa mwaka wa 1985, na sehemu kubwa ya pesa za serikali kuu zilizotengwa kwa kazi hiyo zikaenda kwenye metro na mabasi. Sasa pale pana barabara ya kawaida yenye taa, pamoja na njia ya baiskeli kando ya mto.

Portland iliondoa barabara yake ya kando ya mto mwaka wa 1974 na kuweka bustani. Mwaka huohuo iliikataa barabara kuu ya Mount Hood, iliyotokana na mchoro wa Moses wa 1943, na pesa zake zikasaidia kuanzisha treni nyepesi ya mji iliyozinduliwa mwaka wa 1986. Huko Bronx, wakaaji walipigana miaka 20 dhidi ya barabara kuu ya Sheridan, fupi na isiyomalizika, iliyowatenga na mto wao. Mwaka wa 2019 ilikwisha kugeuzwa kuwa barabara ya mji yenye vivuko vya waenda kwa miguu. Karibu na maporomoko ya Niagara, barabara iliyoitwa Robert Moses ilibadilishwa jina mwaka wa 2016, kisha sehemu yake ya kaskazini ikang'olewa, na ilipofika 2020 kazi ilikuwa imekwisha. Cross Bronx bado ipo. Hakuna aliyepata namna rahisi ya kuiondoa, na mazungumzo ni juu ya kuifunika sehemu na kuweka bustani juu yake.

Tarehe 5 Januari 2025 New York ilianza kulipisha magari yanayoingia Manhattan chini ya mtaa wa 60. Ada ya mchana kwa gari dogo ni dola 9, na pesa zinatumika kukarabati metro, treni na mabasi. Kisheria, ofisi inayokusanya ada hiyo ni ile ile mamlaka ya madaraja na mahandaki ya Triborough.